CT ilikuwa safi ila dogo bado kichwa kinamuuma, mbona hakupimwa damu?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Dokta shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 19, Ijumaa jioni alidondoka na bodaboda huku Nkuhungu, helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani sio kichwani. Hakumbuki alivyofika nyumbani, usiku akatapika mara mbili, Jumamosi asubuhi tukampeleka hospitali akapigwa CT scan, wakasema safi hana kitu. Leo siku ya kumi na mbili kichwa bado kinauma, mwanga unamkera, anasahau sahau na amekuwa mkali hata kwa mama. Kuna jamaa anasoma UDOM katuambia siku hizi kuna kipimo cha damu kinaonesha kama ubongo umeumia. Kwanini hawakumpima hicho wakatuacha tunachangishana hela ya CT? Na tukimpima sasa hivi si kitaonesha?"

Marahaba kijana wangu, na poleni sana hapo nyumbani, hasa mama maana mtoto akibadilika tabia anayeumia kwanza ni mama.

Huyo jamaa wa UDOM hajakudanganya, kipimo kipo kweli, ila kakipa kazi ambayo sio yake. Na wewe una maswali mawili yanayofanana lakini majibu yake tofauti kabisa, la kwanza ni la ile Jumamosi, la pili ni la leo.

Kwanza tuelewane kinachopimwa ni nini. Ubongo una seli za aina nyingi ila kwa habari yetu zinatosha mbili. Kuna nyuroni, hizi ndo zinazotuma taarifa, ukifikiri ni zenyewe ukinyanyua kikombe ni zenyewe, na kuna astrosaiti, zina umbo kama nyota, kazi yake kuzishika na kuzilisha zile nyuroni na kulinda mpaka kati ya damu na ubongo. Ndani ya astrosaiti kuna nyuzi za protini zinazoipa umbo lake, protini hiyo inaitwa GFAP. Nyuroni nayo imejaa protini nyingine inayosaidia kusafisha protini chakavu, hiyo ni UCH-L1. Mtu mzima ambaye hajagongwa popote, protini hizi kwenye damu yake zipo kidogo mno. Kichwa kikipigwa seli zinapasuka au zinavuja, ule mpaka unalegea, protini zinapenya mpaka kwenye damu na mashine inazikuta huko. Ndo wataalamu wanaziita baiomaka, kitu unachokipima kwenye damu kikakupa habari za kilichotokea mahali usipoweza kushika kwa mkono.

Mliokulia vijijini huku kwetu mnaikumbuka tembe ya bibi, kuta za miti na fito zimekandikwa udongo. Ukiamka ukakuta vipande vya fito na udongo vimemwagika uani huhitaji kuambiwa, unajua tu usiku nyumba imegongwa na ng'ombe au mvua imefanya yake. Lakini ukibaki umesimama pale uani kuangalia huo udongo hutajua ni ukuta gani, chumba gani, na kama dari linashuka ama halishuki, mpaka uingie na tochi. GFAP ndo hizo fito. CT, ile picha ya ndani ya kichwa, ndo tochi.

Sasa kiasi chenyewe. Kipimo cha kwanza cha namna hii kuruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kilikuwa Februari 2018, kilikuwa cha kampuni inaitwa Banyan, na mstari wake ulichorwa kwenye picogramu 22 za GFAP na picogramu 327 za UCH-L1 kwa kila mililita. Picogramu ni gramu moja ukiigawa mara trilioni, kwaiyo tunazungumzia kitu kidogo kiasi kwamba miaka ya nyuma mashine za maabara zisingekiona kabisa. Ikivuka mstari moja tu kati ya hizo mbili, kipimo kinahesabiwa chanya.

Ushahidi uliotumika ulitoka kwenye utafiti unaitwa ALERT-TBI, vituo 22 katika nchi tatu, Marekani, Ujerumani na Hungary, wagonjwa 1,959 waliogongwa kichwa, wakapigwa CT na kutolewa damu ndani ya masaa 12. Naomba uniruhusu nikae hapa kidogo na hizi namba maana watu wakishasikia "kipimo kina usahihi wa asilimia tisini na saba" wanaishia hapo hapo wanaanza kushangilia.

Kati ya hao 1,959, waliokutwa na jeraha ndani ya fuvu kwenye CT walikuwa 125 tu. Kipimo cha damu kiliwakamata 122, kikawakosa 3, na wale 8 ambao majeraha yao yalikuwa ya kiwango cha kuhitaji daktari wa upasuaji wa ubongo kiliwakamata wote. Nzuri sana. Waliotoka hasi kwenye damu walikuwa 671 na kati yao ndo hao 3 tu waliokuwa na kitu, kwaiyo ukitoka hasi una haki ya kupumua. Geuza upande wa pili sasa. Waliotoka chanya walikuwa 1,288, na humo wenye jeraha kwenye CT ni wale wale 122. Gawanya, kama mmoja kwa kila kumi. Wengine tisa damu imesema chanya, wameingia CT, wametoka safi.

Umeona kazi yake? Hiki kipimo kinasema nani ANAWEZA KUKOSA CT bila wasiwasi mkubwa, hakisemi nani anavuja damu kichwani. Wenzetu shida yao ni kwamba kila aliyejigonga mlango anapigwa CT, foleni inakuwa ndefu na mionzi juu, CT moja ya kichwa ina mionzi kama ya eksrei 100 hivi za kifua, sasa wakipata kitu cha kuwarudisha nyumbani theluthi moja ya hao watu kwao ni akiba kubwa. Huku kwetu shida mara nyingi ni kinyume chake, yule anayestahili CT ndo haipati, ama mashine iko mbali ama hela haijatimia.

Haya, turudi kwa dogo Jumamosi asubuhi. Hakumbuki alivyofika nyumbani, katapika mara mbili, karushwa kutoka kwenye chombo cha moto bila helmeti. Kuna kanuni ya Wakanada tunayoitumia sana dharura, imeanza 2001, inatusaidia kuamua nani apigwe CT kati ya wale waliopoteza fahamu, waliosahau au waliochanganyikiwa baada ya kugongwa, na humo kutapika mara mbili au zaidi peke yake kunatosha. Kwaiyo hata kama hicho kipimo cha damu kingekuwepo pale mezani, mimi ningekuwa zamu ningempeleka CT moja kwa moja nisingesubiri damu iseme. Ikisema chanya anaenda CT, ikisema hasi na katapika mara mbili na kasahau safari nzima, bado ningempeleka. Hela mliyochangishana haikupotea. Najua inauma, mimi mwenyewe nimeshasimama mara nyingi tu kwenye korido naangalia ndugu wanahesabu noti za elfu tanotano na simu ziko masikioni wanaomba M-Pesa, lakini ile picha ndo ilikuwa jibu la swali la usiku ule, je kuna damu inayokusanyika.

Na hilo swali halina mzaha. Miaka kadhaa nyuma, hospitali siitaji, aliletwa kijana wa boda kagongana na mwenzake, akawa amekaa kwenye benchi anaongea vizuri, anakunywa soda, ananiuliza simu yake nani kaichukua maana ilikuwa kwenye chaji. Aliyekuwa mbele yangu kupokea akaandika yuko sawa, arudi nyumbani, afu ananuka pombe kidogo. Mimi nikapita baadaye kama dakika arobaini nikamkuta kalala kwenye lile benchi, chupa ya soda imeanguka chini haijaisha, ndugu yake ananiambia "kachoka dokta, mwache alale". Nikamtikisa. Jicho moja mboni imetanuka. Alikuwa na mshipa uliokatika chini ya mfupa wa pembeni ya kichwa, damu inasukuma ubongo taratibu huku yeye anaulizia simu. Alipona, ila kwa kuponea. Tangu siku hiyo mtu akiniambia mlevi kalala baada ya ajali simwachi alale, namwamsha hata anitukane.

Mbona basi hawakukupa hata hilo chaguo la damu? Jibu fupi ni kwamba mimi niko dharura hapa Dodoma na kwenye fomu ya vipimo ninayojaza kila siku hakuna kisanduku cha GFAP. Jibu refu kidogo ni hili. Kile cha 2018 kilikuwa cha maabara kubwa, damu inazungushwa kwanza, majibu masaa matatu hadi manne, kwa mgonjwa wa kichwa hiyo ni safari ndefu. 2021 ikaja katriji ya Abbott inayoingia kwenye kimashine cha mkononi kinachoitwa i-STAT, majibu dakika 15, ila bado ilitaka plazma, yale maji ya damu yaliyotenganishwa na seli, yani lazima uwe na mashine ya kuzungushia. Aprili 2024 ndo FDA ikaruhusu itumie damu kama ilivyotoka kwenye mshipa, mpaka masaa 24 baada ya kugongwa, kwa watu wa miaka 18 kwenda juu ambao fahamu zao ziko alama 13 hadi 15 kwenye skeli ya Glasgow, ile ya kupimia fahamu ambayo 15 ndo fahamu kamili. Sio damu ya kidole kama ya malaria, ni ya mshipa. Na zile katriji zinakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, mashine yenyewe inataka chumba kati ya nyuzi 16 na 30. Sasa wewe fikiria Oktoba saa nane mchana kwenye kituo cha afya hakina AC, bati juu, umeme umekatika.

Ila nitakwambia mahali ambapo mimi nakitamani sana, na hapo sio mjini. Mjini CT ipo, ukiamua unapanda bajaji unafika. Nakitamani Mpwapwa, Kongwa, Kondoa vijijini huko, pale ambapo kliniki ofisa yuko peke yake usiku, kaletewa mtu kajigonga, anaongea, hajatapika, kichwa kinauma tu, afu anatakiwa aamue kama familia ikodi gari mpaka Dodoma au isubiri. Hasi ya kweli kwenye mkono wake ingeokoa ng'ombe wa watu. Lakini huko huko ndo kuna mtu anayefika kesho kutwa yake kwa sababu kwanza walimkanda na maji ya moto, na akifika siku ya tatu lile dirisha la masaa 24 limeshafungwa. Kwaiyo kifaa kinachohitajika zaidi kwa watu wa mbali kina saa inayowapendelea watu wa karibu. Sijui nicheke.

Kuna protini nyingine mtu anaweza kukutajia, S100B. Huyu ni mkongwe, nchi za Skandinavia wameuweka kwenye mwongozo wao tangu 2013, unapimwa ndani ya masaa 6, chini ya maikrogramu 0.10 kwa lita unaweza kumwachia mtu bila CT. Tatizo lake protini hii haikai ubongoni tu, iko kwenye mafuta ya mwili na kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mtu kavunjika mguu kichwa hakijaguswa, S100B inapanda. Na watu wenye ngozi nyeusi wenye afya zao wamekutwa nayo juu kuliko wazungu. Sasa chukua majeruhi wa bodaboda wa kwetu, ngozi yetu hii, mguu umevunjika, magoti yamechubuka, afu umpime S100B kwa mstari uliochorwa Norway, utakuwa unapoteza muda na hela ya watu. GFAP ndo maana imependwa, haina mambo mengi ya nje ya ubongo, ingawa nayo inapanda kwenye stroke ya kuvuja damu, kwenye baadhi ya uvimbe wa ubongo, na kwa wazee huwa iko juu kidogo hata kama hawajagongwa.

Swali lako la pili, tukimpima leo si kitaonesha. Hapana. UCH-L1 inapanda haraka, inafika kileleni kama masaa nane hivi baada ya kugongwa kisha inashuka. GFAP inapanda taratibu zaidi, kilele chake kama masaa ishirini baada ya kugongwa, na inaweza kuonekana mpaka karibu wiki. Nyie mko siku ya kumi na mbili. Mashine ikikupa hasi leo haijasema hakuumia, imesema tu umechelewa, udongo wa uani umeshafagiliwa. Kuna protini nyingine inaitwa NfL, ni sehemu ya mikia mirefu ya nyuroni, yenyewe inaendelea kupanda kwa siku na wiki, watafiti wanaifuatilia sana, ila sio ya kumuamulia dogo afanye nini kesho asubuhi. Kwaiyo akitokea mtu akakwambia leteni laki kadhaa tuitume sampuli nje ya nchi, zibakizeni mfukoni.

Nikitaka kugombana na mtu kwenye habari yako nagombana na hilo neno, "hana kitu". CT safi maana yake hakuna damu iliyokusanyika wala mfupa uliovunjika unaoonekana, basi. Mwaka 2019 utafiti wa TRACK-TBI kule Marekani uliwachukua watu 450 waliogongwa kichwa ambao CT zao zote zilikuwa safi, wakapigwa MRI baadaye, picha ya sumaku inayoona ubongo kwa undani kuliko CT, na 120 kati yao MRI ikaonesha jeraha. Zaidi ya robo. Na ile GFAP iliyopimwa ndani ya masaa 24 ya mwanzo ndo ilikuwa juu zaidi kwa hao 120. Hapo ndo mimi naona thamani ya baadaye ya hivi vipimo, kumwambia mtu "CT safi lakini ubongo wako umetikiswa kweli, sio uvivu, rudi tukuangalie". Mwaka 2025 wataalamu wengi wametoa pendekezo la kuacha kumpanga mgonjwa kwa alama za Glasgow peke yake, skeli ya tangu 1974, waongeze damu na picha na hali ya mtu mwenyewe, maana "jeraha dogo" la kwenye faili linaweza kuwa ni mtu aliyefukuzwa kazi kwa kusahau.

Alichonacho dogo kwa maelezo yako ni mtikisiko wa ubongo ambao bado haujatulia. Kichwa, mwanga, kusahau, hasira, hivyo vinne vinatembea pamoja kama daladala na konda wake. Hasira sio jeuri na wala hajatupiwa kitu, mwambieni mama hilo kwa lugha yake. Wengi wanatulia ndani ya wiki chache, wachache wanasogea mpaka miezi mitatu na zaidi. Kumfungia chumbani giza wiki mbili hakusaidii, siku moja mbili za mwanzo ndo za kupumzika, sasa hivi aanze kutembea, kazi ndogo ndogo, ikizidisha kichwa apunguze kesho aongeze tena. Alale usiku, simu ikae mbali. Pikipiki asiguse, sio kwa sababu ya adhabu, ubongo uliotikiswa unachelewa kuamua na akigongwa tena kabla haujapona ni habari nyingine mbaya zaidi. Pombe hapana. Panadol sawa ila sio kila siku asubuhi mchana jioni, zikizidi zenyewe zinaleta kichwa afu unabaki unazunguka humo humo.

Mkimbizeni hata saa nane ya usiku akianza kutapika upya, akilala haamkiki vizuri, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, maneno yakichanganyika, au maji mepesi yakimtoka puani au sikioni. Pia kichwa kikizidi kila siku badala ya kupungua, maana damu nyingine inakusanyika polepole na inaonekana baada ya wiki, picha ya siku ya kwanza haiwezi kuiona.

Kama hakuna hayo, mleteni kliniki wiki hii hii, sio dharura, kliniki ya asubuhi. Mje na CD au filamu ya ile CT sio karatasi ya ripoti peke yake, na mtu aliyemuona akidondoka kama yupo, yeye mwenyewe hawezi kunisimulia. PF3 toeni kopi mbili mkae nayo, watu wa bima ya ile pikipiki wataitaka.